Wanachuo wa mtaani kwetu na kura ya mwenyekiti

Tarehe 27 Novemba 2024 tulipiga kura ya serikali za mitaa hapa Mtwara, na mtaani kwetu wanachuo waliopanga mageto ni wengi kweli, sasa kilichoniuma ni vile walikuja na kadi zao za mpiga kura wakijua imeisha hiyo, kumbe daftari la mtaa ni lingine kabisa na kujiandikisha ilikuwa Oktoba 11 hadi 20. Dada mmoja tuliyepanga nae nyumba moja alipitisha kidole kwenye majina ukutani, juu mpaka chini, akarudia tena. Hamna. Akaondoka kimya. Na giza la njiani usiku, ambalo ungemlilia mwenyekiti huyo huyo, anatembea nalo yeye! Foleni ikabaki ya kina mama na wazee, wao ndo wametuchagulia mwenyekiti wa mtaa kwa miaka 5.