Umande wa Sotavento

Kukodi ubao wa kuteleza majini na tanga lake kwa siku moja kulikuwa euro 75. Jaketi la kujiokolea lililipiwa mbali, euro 5, na hilo mpaka leo siliafiki, maana kitu cha kuokoa roho ya mtu hakifai kuwa nyongeza. Nililipa hivyo hivyo. Nilitoka Hamburg kwa ndege karibu saa tano magoti yamebanwa, akiba nimeiweka tangu Januari, na sikwenda Fuerteventura, kisiwa cha Hispania, kutazama wenzangu wakiteleza juu ya maji.

Siku tatu za mwanzo hazina habari. Vumbi la Sahara, ambalo wenyeji wanaliita calima, lilifunika jua, nikashinda chumbani na friji inayonguruma usiku kucha. Kisiwa chenyewe ni cha volkano, kikongwe kuliko wenzake wote wa Canary, umri wake unapita miaka milioni 20. Jirani yake Lanzarote alitema moto kuanzia 1730 hadi 1736, na mawe ya huko bado ni meusi na makali. Huku milima imelika, imekuwa ya mviringo, rangi ya mkate uliobabuka, mti huuoni. Mbuzi tu, wanatafuna sijui nini.

Siku ya nne vumbi likaondoka, nikashuka Sotavento. Neno hilo kwa Kihispania ni upande wa demani, kule upepo unakoelekea, na ndiyo siri ya ufuo ule. Upepo wa kaskazini-mashariki unapita juu ya shingo nyembamba ya kisiwa, unabanwa, unaongezeka nguvu, kisha unamwagika upande huu ukitoka nchi kavu kwenda baharini. Kwetu Pangani upepo wa nchi kavu tunauita umande. Marehemu baba alitoka nao alfajiri kwa ngalawa, na jua likipanda umande hufa, ikaja matlai, upepo wa baharini, kumrudisha. Huu wa Sotavento haufi. Unavuma mchana kutwa, siku nzima unakusukuma kulekule.

Wakati wa bamvua, maji yanapojaa sana, maji hupanda juu ya fungu la mchanga na kufanya ziwa refu la maji ya magotini, na wanaojifunza hucheza humo bila hofu. Mimi nilikuta maji mafu, ziwa limekauka. Kijana wa dukani aliniambia ningoje siku tatu. Siku tatu ndizo nilizobakiwa nazo. Nikamwambia nimezaliwa kwenye matanga, nikaingia bahari kubwa.

Na kwa nusu saa nilisema kweli. Ubao huu hauna usukani. Ukilaza mlingoti mbele unageuka kufuata upepo, ukiuvuta nyuma unakwenda joshi, kuukabili upepo, na mwili wako ndio kamba, ndio nahodha, ndio mzigo wa kusawazishia. Nilibisha upepo mara nne, kila nikigeuza nakaribia pwani, mikono inawaka, nacheka peke yangu. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nihamie Ulaya.

Kisha nikasikia kitu kimekatika chini ya miguu. Mlingoti umeshikwa na ubao kwa kiungo cha mpira kinene kama gunzi la hindi. Kilikuwa kimepasuka zamani: nilipokigeuza nikaona ndani ya mpasuko mpira umekwisha kuwa wa kijivu na chumvi imeganda humo, pembeni tu ndipo palipokuwa peusi, pabichi, palipokatika siku hiyo. Walinikodisha kitu kibovu. Tanga likaelea upande, mimi nikalala juu ya ubao, nikalishika kwa mguu, nikapiga makasia kwa viganja. Mwavuli mwekundu wa pwani nilioufanya alama ukawa kama kitunguu, halafu kama punje ya pilipili, halafu sikuuona. Nikapunga mikono yote miwili. Boti ya uokoaji ya wale jamaa, nilikuja kuambiwa, ilikuwa kwa fundi.

Saa moja na nusu, nadhani. Walionitoa ni wavuvi wawili, mzee na kijana wake, wanarudi bandari ya Morro Jable. Hatukuwa na lugha. Mzee alinivua jaketi, akanivalisha sweta lake linalonuka samaki, akaulaza ubao chini ya nyavu. Miguuni pangu palikuwa na ndoo ya pono, wekundu wenye doa la kijivu na njano begani. Niliwaangalia wale pono nikatulia moyo, maana pono nawajua.

Gatini palikuwa na watu wa kujitolea wenye mablanketi. Mama mmoja alinikimbilia, akanizungushia blanketi, akaniwekea biskuti mkononi, akaniuliza kwa Kifaransa: mko wangapi? Nikajibu niko peke yangu. Hakuniamini. Alinishika bega huku anaangalia nyuma yangu, baharini. Walikuwa wanangoja boti ya wahamiaji iliyotoka upande wa Afrika, kilomita kama 100 tu kutoka kisiwani. Ya kwanza ilifika kisiwani 1994, vijana wawili wa Sahara Magharibi. Nami nilikuwa mtu mweusi, nimelowa, nimeshushwa na wavuvi. Kijana alipoutoa ubao chini ya nyavu, yule mama aliuona, akaelewa, lakini blanketi hakulichukua.

Niliona haya. Bahari ile ile mimi nililipa euro 80 niingie, na wengine walikuwa humo wakati ule ule, pengine wananiona kwa mbali.

Dukani walinidai euro 60 za kiungo. Nilibishana nao mpaka wakafunga. Nililipa, kwa sababu walishika pasipoti yangu.

Lakini kabla ya hayo, pale gatini, yule mama alinipa simu yake nimpigie mzazi. Namba ya Pangani naijua kwa kichwa.

"Upepo gani ulikuchukua?" mama yangu akauliza.

"Kama umande, mama."

"Na huko kuna matlai?"

"Hakuna."

Akanyamaza. Nikasikia kuku nyuma yake. Simu ilikuwa ya watu, nikamuaga, nikairudisha. Mwenyewe aliipokea bila kuitazama, bado anaangalia nje. Mpaka naondoka ile boti ilikuwa haijafika.