Wastani hautoshi: kusoma mionzi ndani ya damu

Kazi yangu ni kuhesabu kromosomu zilizoharibika, yaani zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi. Mtu akihofiwa kuwa amepigwa na mionzi, na hakuwa amevaa kifaa cha kuipima, damu yake ndiyo inayoweza kutuambia alipata kiasi gani.

Tunachotafuta kimo kwenye limfosaiti, aina mojawapo ya chembe nyeupe. Mionzi ikikata kromosomu mbili, ncha zake huweza kuungana vibaya. Maabara tunaziamsha seli hizo zigawanyike, na baada ya saa 48 tunazinasa katikati ya mgawanyiko, kromosomu zikiwa zimejikunja na kunenepa. Kisha rangi ya Giemsa, kisha hadubini.

Kromosomu nzima ina kiuno kimoja, yaani sentromia. Ninayoitafuta ina viuno viwili: disentriki. Nikiiona, siihesabu papo hapo. Natazama pembeni yake kama kuna kipande kisicho na kiuno, yale mabaki ya mkato. Kisha nahesabu kama vipande vyote vya seli vinafika 46. Kromosomu mbili zilizolaliana zinaweza kabisa kufanana na disentriki, na kosa langu litamwangukia mtu ambaye jina lake liko kwenye fomu.

Kwa mtu wa kawaida huipata takribani moja katika seli 1,000, ndiyo maana alama hii inaaminika. Tukihesabu seli za kutosha, tunaweza kutambua dozi ya karibu grei 0.1 (grei ni kipimo cha mionzi ambayo mwili umefyonza). Mwaka 1987 kule Goiânia, Brazili, chanzo cha sizi-137, elementi yenye mionzi, kilitolewa kwenye kliniki iliyotelekezwa na watu wanne wakafa. Wataalamu walipima kwa njia hii damu ya watu zaidi ya 100, na dozi nyingine zilifika takribani grei 7.

Lakini kinachonisumbua ni pale watu wanapotaka wastani wa disentriki kwa kila seli peke yake. Tuseme seli 100 zina disentriki 30. Kama mwili wote ulipigwa sawasawa, nategemea takribani seli 74 ziwe safi, 22 ziwe na moja moja, na chache sana ziwe na mbili. Sasa nikikuta seli 92 safi, na nane zilizobaki zimebeba tatu au nne kila moja? Jumla ni ileile, ila habari ni nyingine kabisa. Huyu alipigwa sehemu tu ya mwili, na sehemu hiyo ilipata dozi kubwa kuliko wastani unavyoonyesha. Daktari akisoma wastani tu, ngozi na nyama za sehemu ile zitaanza kufa huku yeye akidhani mambo ni shwari. Kwa hiyo mimi naandika mgawanyo wote, na kiwango cha chini na cha juu cha dozi. Mgonjwa naye ana haki ya kuelezwa hivyo.

Mnaotuma sampuli, nawaomba: bomba liwe la heparini, dawa inayozuia damu kuganda, damu isigandishwe kwa baridi, na isipitishwe kwenye eksirei ya uwanja wa ndege. Msichelewe, maana disentriki hupungua kadiri miezi inavyopita. Ila kama mnashuku sehemu tu ya mwili ndiyo iliyopigwa, subirini siku moja damu ichanganyike. Na andikeni kwenye fomu kama mgonjwa aliwahi kutibiwa saratani kwa mionzi, kwa sababu huenda alama za tiba hiyo bado zimo, nami nitazihesabu pamoja na za ajali.