Brashi za mekapu za Kumano, Japani: uliza manyoya kwanza, jina baadaye

Brashi yangu ya kwanza ya Kijapani ilikuwa ya manyoya ya kindi, na jamani, siku naifungua nilikaa kitandani naipitisha shavuni tu, laini mpaka unahisi hakuna kinachokugusa. Jumamosi yake nikaenda nayo kumpamba bibi harusi kule Tabata, Dar, dada mweusi anang'aa, nikachovya kwenye rangi ya mashavu, nikapaka, haionekani. Nikarudia mara nne, wapi, mama yake mkubwa kasimama nyuma yangu anauliza "mwanangu, mashavu bado hujaanza?" Ikabidi nitoe brashi yangu ya zamani ya mbuzi, mara mbili tu rangi ikakaa.

Na ile brashi ya kindi wala haikuwa mbovu, ninayo mpaka leo naipenda sana. Ila manyoya ya kindi ni membamba hayana ukakamavu, yanachukua poda kidogo na yanaiacha kidogo kidogo, kwa hiyo yanafaa poda zile ukizigusa tu zimeshatoa rangi, au kumalizia uso na poda nyepesi usionekane umepakwa unga. Manyoya ya mbuzi yana nguvu na yanashika poda vizuri, hata ile iliyogandamizwa ngumu kwenye kikopo inatoka. Sisi wenye ngozi nyeusi tunaotaka rangi ionekane, tuanze na mbuzi, ndo ushauri wangu kwa yeyote anayeniuliza, maana watu wanasikia "laini" wanadhani ndo ubora umeishia hapo.

Sasa kwa nini Japani. Kuna mji mdogo unaitwa Kumano, mkoa wa Hiroshima, karibu asilimia 80 ya brashi zote za Japani zinatoka pale. Zamani, mwishoni mwa enzi ya Edo, yani miaka ya 1800 hivi, wakulima wa huko kilimo kikisimama walikuwa wanaenda kufanya vibarua maeneo ya Yoshino na Kishu, wakirudi wanapita mji wa Nara wananunua brashi na wino wauze njiani, mwisho wakajifunza kutengeneza wenyewe. Zilikuwa brashi za kuandikia, za mekapu zimekuja baada ya vita kuu ya pili. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Japani ilipochukua Kombe la Dunia la soka, serikali iliwapa tuzo ya heshima na zawadi yake ikawa brashi za mekapu za Kumano, yani wanazithamini kiasi hicho.

Kinachozitofautisha hasa ni ncha. Brashi nyingi za bei rahisi manyoya yanafungwa halafu yanakatwa kwa mkasi yapate umbo, na unywele uliokatwa ncha yake inakuwa butu, ndo maana zinachoma usoni hasa ukishatumia muda. Kumano hawakati. Wanachambua manyoya, wanatoa yaliyogeuka na yasiyo na ncha, wanayaweka kwenye kikombe kidogo cha mbao kinaitwa koma, wanayagonga gonga mpaka yanakaa kwa umbo la duara au la mwali wa mshumaa, ndo wanafunga. Ncha ya asili inabaki vile vile. Ukiishika kwenye mwanga unaona manyoya yanakonda kuelekea mwisho, na hiki ndo kipimo changu cha kwanza kabla hata sijauliza bei.

Cha pili, brashi iandikwe manyoya ya mnyama gani. Wateja wangu Waislamu huuliza na ni haki yao kabisa, na watengenezaji kama Hakuhodo na Chikuhodo wanasema wazi ni mbuzi, kindi, farasi au nyuzi za kutengenezwa. Muuzaji akikwambia "manyoya ya asili" tu akanyamaza, rudisha. Kindi wa kijivu amezidi kuwa adimu na bei imepanda mno, kwa hiyo ukiona inauzwa kwa bei ya vocha jiulize mara mbili. Mpini nao unalipiwa, brashi za S100 za Hakuhodo zina mpini mwekundu mzuri na chuma kinachoshika manyoya kimepakwa dhahabu, lakini kinachopaka uso ni manyoya, mwenye bajeti ndogo achukue mpini mweusi wa kawaida.

Fandesheni na vitu vya krimu msitumie kindi, nawaomba, manyoya yake yanashikana na kuyaosha kila siku kunayamaliza. Huko weka nyuzi za kutengenezwa. Seti ya brashi 24 huhitaji pia, mimi ningekuwa naanza leo ningenunua moja ya mbuzi ya mashavu na moja ndogo ya macho, basi, kindi ije mwakani.

Kuosha: sabuni laini, maji ya uvuguvugu, kichwa kikiangalia chini maji yasiingie kwenye gundi, kamua taratibu kwa taulo, halafu ilaze pembeni ya meza manyoya yakining'inia nje. Kwa joto na unyevu wa Dar usiirudishe kwenye mfuko kabla haijakauka mpaka ndani, mbuzi mnene inachukua usiku kucha na asubuhi yake pia.