Karama yangu ilikuwa kwenye sufuria

Miaka mitatu nimeimba sauti ya pili kwaya ya vijana, na kila Jumapili mwalimu wa kwaya alikuwa ananisogeza mbali na maiki. (Hakusema neno, Mungu ambariki.) Nikajiona sina karama.

Kisha mama mmoja wa jumuiya yetu akafiwa. Nikajikuta nyuma ya nyumba nakoroga uji wa watu sitini, nagawa vikombe, namjua nani hajatia kitu tumboni tangu jana. Wala sikuchoka.

Mzee wa kanisa akanifungulia 1 Wakorintho 12:28: karama za kuponya zimetajwa, na hapo hapo “masaidiano”. Kumbe nilikuwa naliruka hilo neno siku zote!

Jumamosi ni arobaini ya marehemu. Mwiko ninao, nani ana sufuria kubwa?