Siku moja maishani mwangu: naongeza zoni ya tatu ya fayawoli nikiwa Kiamunyi

Leo ilikuwa siku ya kuongeza zoni ya tatu kwa fayawoli ya mteja wetu, yaani ule ukuta unaokagua trafiki ya mtandao, na vile majirani hudhani mi hukaa kwa nyumba nikiangalia sinema siku mzima, wacha niwaandikie yote saa kwa saa. Kazi yangu kwa ufupi ni kuandika msimbo wa Terraform, programu inayosoma msimbo wako na kujenga mitandao ya kampuni kwa klaudi, na siku hizi karibu kila tikiti inayonifikia ni ya AWS Network Firewall, fayawoli ya klaudi ya Amazon. Mimi niko Nakuru, seva ziko Cape Town, na pesa inatoka Nairobi, kama kawaida.

Saa kumi na mbili asubuhi

Baridi ya huku si ya mchezo. Ukifungua pazia unaona ukungu umekalia upande wa Menengai na unatamani kurudi kwa blanketi. Chai kwanza. Naangalia simu kama kuna alamu ililia usiku, hakuna, token za stima bado ziko, basi tuko sawa.

Saa mbili

Kikao cha timu, dakika chache tu. Tuna kijana ako atachimenti na sisi, anafanyia kazi kwao Eldoret, na anasema, "Madam, ile maneno ya zoni C nimeituma jana usiku, ukipata nafasi uniangalilie. Plani imetoka safi kabisa." Plani ni orodha ya mabadiliko ambayo Terraform hukuonyesha kwanza, na kuyafanya kweli ndio kuaplai. Nikamwambia poa, naingia hapo sasa hivi. Mkuu wetu akakumbusha tu kwamba mteja amekubali kazi ifanyike saa nne usiku, si mapema, kwa sababu mchana watu wanalipa.

Saa tatu mpaka karibu saa sita

Hapa ndipo siku yangu huishia, kusoma msimbo wa mtu mwingine polepole. Lakini ili muelewe nilichokiona lazima mjue hii kitu inavyofanya kazi.

Mkoa wa AWS wa Cape Town ulifunguliwa Aprili 2020 na una zoni tatu, yaani makundi ya seva yanayojitegemea, a, b na c. Network Firewall yenyewe ilikuja Novemba mwaka huo huo. Ukiiunda, unaiambia ikae kwa subneti gani, yaani kipande gani cha mtandao, katika kila zoni, na katika kila hiyo subneti AWS wanapanda endipointi moja, kituo ambacho trafiki hupitia ikaguliwe. Hiyo subneti unaiacha iwe ya endipointi peke yake, usiweke seva humo, kwa sababu fayawoli haiwezi kukagua trafiki ya subneti inayokaa yenyewe. Mi huipa /28, ndiyo ndogo kuliko zote unazoruhusiwa: anwani 16, AWS wanachukua 5 zao, zinabaki 11 na endipointi inatumia moja. Kuna watu huniambia hiyo ni kuharibu anwani. Jamani, ni anwani za ndani, hazilipiwi, wacheni uchoyo.

Sasa kitu ambacho watu hawashiki ni kwamba endipointi haivuti trafiki. Inakaa tu pale kama ile mizani ya Gilgil, lori likikata kona likapita njia ya panya halitapimwa na hakuna mtu atalaumu mizani. Ndio maana nasema kazi ya fayawoli iko kwa ruti, yaani maagizo ya trafiki ipite wapi; sheria za kuzuia hii na kuruhusu ile ni sehemu ndogo na ndiyo rahisi. Kwa muundo wa huyu mteja kila zoni inahitaji ruti tatu. Subneti ya seva iseme trafiki yote ya nje, 0.0.0.0/0, ipitie endipointi ya zoni yake. Subneti ya fayawoli iseme 0.0.0.0/0 iende kwa geti ya intaneti, mlango wa kutokea nje. Na ya tatu, ambayo ndiyo husahaulika, geti ya intaneti yenyewe iwe na jedwali lake la ruti, na ndani yake kuwe na mstari unaosema paketi yoyote, yaani kipande chochote cha data, inayoelekea subneti ya seva ya zoni C ipitie endipointi ya zoni C kwanza.

Kijana alikuwa ameandika mbili za kwanza vizuri sana. Ya tatu haikuwepo. Na simlaumu, kwa sababu mistari ya zoni a na b kwa jedwali la geti iliandikwa kwa mkono na mtu aliyetoka kitambo, iko kwa faili tofauti kabisa, hata ukitafuta neno fayawoli huipati.

Unajua ingekuwa nini tungeaplai hivyo? Seva ya zoni C inatuma ombi la kuanza mazungumzo, linapita kwa endipointi, fayawoli inaliandika kwa daftari lake. Jibu linarudi kutoka nje, linafika kwa geti, geti haina maagizo mengine, inalituma moja kwa moja kwa seva. Fayawoli haijaliona. Ndani yake kuna injini ya Suricata ambayo inafuatilia mazungumzo pande zote mbili, sasa inasikia upande mmoja tu na inaanza kutupa paketi. Na ukiangalia hali ya fayawoli kwa skrini imeandikwa READY, kila kitu kijani, mteja anapiga simu analia na wewe unamwambia mbona kwangu iko sawa.

La pili lilikuwa la msimbo wenyewe. Namba ya endipointi hujui mpaka fayawoli iundwe, kwa hivyo unaisoma kutoka kwa firewall_status, ripoti ya hali ya fayawoli, ndani ya sync_states. Kijana alichukua hiyo sync_states akaigeuza orodha, halafu kwa zoni a akachukua ya 0, b ya 1, c ya 2. Shida ni kwamba sync_states ni seti, haina mpangilio wa zoni wa kuamini. Leo ya 0 inaweza kuwa zoni a, ukiongeza zoni ingine inakuwa ya mtu mwingine. Mifano mingi ya intaneti imeandikwa hivyo na hapo ndipo vijana wanaitoa. Trafiki ya C ikitoka kupitia A itafanya kazi, lakini A ikianguka C inaanguka nayo bila sababu. Na kama kutoka ni kwa A na kurudi ni kwa C, basi tumerudi pale pale, fayawoli inasikia nusu ya hadithi.

Sikutaka kumwandikia maoni kumi na tano, nikampigia.

"Madam, lakini plani ilikuwa safi."

"Ni safi, hakuna kosa la Terraform hapo. Sasa chukua karatasi, unichoree paketi moja ikitoka zoni C mpaka nje halafu irudi."

Kimya kidogo. Nasikia kalamu. Halafu, "Aaah. Kurudi haipitii."

"Haya. Sasa rekebisha."

Tulikubaliana hivi: tunatengeneza ramani ambayo ufunguo wake ni jina la zoni na thamani yake ni namba ya endipointi, halafu ruti zote tatu, za zoni zote, zinatoka kwa for_each moja, amri ya Terraform ya kurudia kitu kwa kila jina lililo kwa orodha. Hiyo for_each inazunguka juu ya orodha ya zoni tuliyoiandika sisi wenyewe, haizunguki juu ya ramani ya endipointi, kwa sababu Terraform hukataa kabisa funguo ambazo hazijulikani kabla ya kuaplai. Thamani inaweza kuchelewa, ufunguo hapana. Na ile mistari ya zamani ya a na b tunaihamisha kwa bloku za moved, ambazo ziko tangu toleo la 1.1, ili Terraform ielewe ni ruti ile ile imebadilisha jina na isiifute na kuiunda upya. Kufuta ruti ya geti hata sekunde chache wakati mteja yuko hewani, hapo utanipata nimehama Nakuru.

Saa saba

Githeri ya mama wa hapo nje, na parachichi. Kabla nimalize kijiko cha pili mhasibu wa mteja akapiga. Huyu mama ni mpole lakini hasahau shilingi.

"Dada, habari ya Nakuru? Nisaidie kitu kidogo. Hii fayawoli si ni moja? Mbona makadirio yanasema tatu?"

Nikamweleza kwamba AWS hawachaji fayawoli, wanachaji kila endipointi kwa kila saa iko hewani, iwe na kazi isiwe na kazi, halafu wanaongeza kwa kila gigabaiti iliyopita. Kila mkoa una bei yake, lakini ili apate picha nikamtajia ya kule Virginia ya kaskazini, dola 0.395 kwa saa. Mwezi wa siku 30 hiyo ni dola 284.40 kwa endipointi moja, tatu ni 853.20, na hapo data hujaigusa. Akanyamaza. "Na ile mazingira ya majaribio nayo ina tatu?" Nikamwambia hapana mama, kule nimeacha moja. Akashukuru kuliko vile nilitarajia.

Na mniruhusu niseme hapa kitu ambacho watu wa mauzo hawatawaambia. Kampuni nyingi ndogo haziihitaji hii kitu. Makundi ya usalama ya seva ni ya bure, na ukiyaandika vizuri kwa msimbo yanakutosha miaka. Huyu mteja anaihitaji kwa sababu mkaguzi wao anataka kuona majina ya tovuti ambazo seva zinaongea nazo na kuzuia zile hazijaruhusiwa, na hiyo kundi la usalama haliwezi, linajua anwani na poti tu.

Saa nane na nusu

Stima ikapotea. Nikangoja kidogo, kwa grupu ya mtaa kila mtu anauliza kila mtu, nikabeba laptopu nikapanda matatu mpaka tauni, nikakaa mkahawa mmoja wa Kenyatta Avenue wenye jenereta na chai ya bei ya kushangaza.

Saa kumi jioni

Msimbo mpya umefika na ni mzuri, hata ameweka maelezo kwa Kiswahili juu ya ruti ya geti, nikayaacha. Kwa vile majaribio yana endipointi moja tu, tuliongeza ya pili kwa saa chache ili tuone plani inavyokaa, tukaaplai, tukapima, halafu tukaitoa.

Plani ilimshtua kijana. Ruti ambazo hatujazigusa zote zilionyesha alama ya kubadilishwa, ati namba ya endipointi itajulikana baada ya kuaplai. Hiyo ni kawaida: ukibadilisha orodha ya subneti za fayawoli, firewall_status yote inahesabiwa haijulikani, na kila ruti inayoisoma inaonekana kama itaguswa. Ikifika wakati wenyewe, zile za zamani zinarudi na namba ile ile na hakuna kitu kinafanyika. Alama ya kuogopa ni ile ya kutoa na kujumlisha kwa mstari mmoja, maana hiyo ni kubomoa na kujenga upya. Tulizitafuta moja moja. Hakuna.

Saa moja usiku

Stima imerudi. Ugali, sukuma, na habari za saa moja kwa sauti ya chini. Nikalala kidogo kwa kochi, hiyo nayo ni kazi.

Saa nne usiku

Tumeingia wote watatu kwa simu. Kwanza nikazima subnet_change_protection, hii ni kinga inayokataza mtu kubadilisha subneti za fayawoli kimakosa, na nikaiaplai peke yake kabla ya kitu kingine. Halafu kazi yenyewe. Faili ya steti, kumbukumbu ya Terraform ya vitu ilivyojenga, ikafungwa kwa jina langu ili mwingine asiingilie, subneti ya /28 ikaundwa, halafu endipointi ikaanza kujengwa, na hapo hakuna unachoweza kufanya isipokuwa kungoja. Dakika zinapita, mkuu anaongea mambo ya mpira, kijana anauliza kama imekwama. Haijakwama. Hivi ndivyo ilivyo.

READY. Ruti zikafuata zenyewe.

Kupima: kutoka seva ya zoni C nikaita tovuti iliyoruhusiwa, ikajibu haraka. Nikaita moja ambayo haiko kwa orodha, ikaning'inia mpaka ikakata tamaa, na kwa logi za alati jina lake likatokea. Hapo kuna mtego wa saa: logi zinaandika UTC, sisi tuko masaa matatu mbele, kwa hivyo tukio la saa nne na nusu usiku unalitafuta 19:30. Halafu kitu ambacho mi siachi hata kama nina usingizi, logi za mtiririko. Fayawoli inaandika kila upande wa mazungumzo kivyake, kwenda na kurudi, na kama unaona kwenda peke yake ujue ruti ya geti haijashika. Zote mbili zilikuwepo.

Saa tano na robo

Nikarudisha kinga, nikaendesha plani mara ya mwisho, ikasema hakuna mabadiliko. Mkuu akaaga akaenda.

Kijana akabaki. "Madam, na siku wakisema hii zoni C iondolewe?"

Swali zuri sana. Nikamwambia ni kinyume: ruti zitoke kwanza, endipointi ndio ifuate, kwa sababu hutakiwi kuitoa endipointi wakati kuna ruti bado inaielekea. Na usitegemee Terraform ikupangie hiyo kwa aplai moja, igawe mbili. Akauliza aiandike kama maelekezo ya timu? Nikamwambia aiandike, kesho saa tatu nitaikagua, na achore ile paketi tena.