Chuma cha Nairobi hakifiki mbali

Wekundu wa udongo wetu hapa Nairobi ni chuma kilichoshikana na oksijeni. Masika ikinyesha, sehemu yake hubebwa na Mto Nairobi hadi Athi, Athi ikawa Galana, Galana ikawa Sabaki, mpaka maji hayo mekundu yamwagike baharini karibu na Malindi. Wiki hii nimekuwa nikiufuata mto huo kwenye ramani kwa sababu ya jambo moja lililonishika: kuna maeneo makubwa ya bahari yenye uhai haba kwa kukosa chuma, kitu ambacho sisi tunakikung'uta kwenye viatu mlangoni.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani mno, kabla hewa haijawa na oksijeni ya kutosha, bahari ilijaa chuma kilichoyeyuka. Oksijeni ilipoongezeka, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, chuma hicho kilipata kutu, kikazama, kikawa miamba ambayo leo inachimbwa kwa ajili ya viwanda vya chuma cha pua na mabati. Lakini viumbe walikuwa wamekwisha kukitegemea. Mpaka leo planktoni za kijani, viumbe vidogo vinavyoelea majini visivyoonekana kwa macho, haziwezi usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, bila chuma, na hizo ndizo zinazofanya karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia.

Mbona basi Sabaki haiishibishi bahari? Maji ya mto yakikutana na ya chumvi, chembe za chuma hugandana na kutua, na nyingi haziendi mbali na mdomo wa mto. Hapo Malindi udongo huo huyafunika matumbawe. Hili linaniuma kweli. Ni shamba la mtu wa huku bara limeondoka, naye hatavuna, na huko chini halimfaidi mvuvi.

Chuma kinachofika katikati ya bahari husafiri kwa njia nyingine. Upepo hupeleka vumbi la Sahara hadi Atlantiki, na la Patagonia hadi Bahari ya Kusini, ile inayoizunguka Antaktika. Kingine hutoka kwenye milima ya barafu inayoyeyuka, kwenye chemchemi za moto za sakafu ya bahari, hata kwenye kinyesi cha nyangumi.

Bahari ya Kusini ndiyo iliyomshughulisha mwanasayansi wa bahari Mmarekani, John Martin. Ina naitreti na fosfeti, virutubisho vya planktoni, tele, lakini planktoni zake ni chache. Martin alisema kinachokosekana ni chuma, na mwaka 1988 akatamka kwamba apewe chuma cha kujaza nusu ya meli, naye atawapa enzi ya barafu. Alikuwa na sababu: planktoni hufyonza kaboni dioksidi, gesi inayoipasha dunia joto. Barafu ya kale ya Antaktika inaonyesha kwamba nyakati za baridi kali vumbi lilikuwa jingi, na kaboni dioksidi hewani ilishuka hadi sehemu 180 hivi kwa milioni, ilhali kabla ya viwanda ilikuwa 280. Chuma kinaeleza kipande tu cha tofauti hiyo, ila ni kipande cha maana. Martin alifariki mwaka 1993, miezi michache kabla ya wenzake kumwaga chuma karibu na visiwa vya Galápagos na kuona planktoni zikiongezeka.

Maji kugeuka kijani, hata hivyo, si kaboni kuondoka. Planktoni zikiliwa au kuoza karibu na uso wa bahari, kaboni hurudi hewani upesi. Lazima zizame kilindini, ambako kaboni hukaa karne nyingi. Katika jaribio la kumwaga chuma la mwaka 2004 kwenye Bahari ya Kusini, zaidi ya nusu ya zilizochanua zilizama kupita mita 1,000. Mwaka 2009, katika bahari hiyo hiyo, nyingi ziliishia kuliwa na wanyama wadogo wa baharini, kwa kuwa maji hayo yalipungukiwa na silika ambayo diatomu, aina ya planktoni zinazojikinga kwa magamba magumu, hujengea magamba yao.

Kwa hiyo napinga wazi mtu yeyote kuuza hati za kaboni, yaani vyeti vya kwamba kaboni fulani imeondolewa hewani, kwa kumwaga chuma baharini. Naitreti na fosfeti zinazotumika kusini haziendi tena na mkondo kulisha planktoni za maji ya joto, na samaki wa huko wana watu wanaowategemea. Kabla ya tani moja kuhesabiwa, anayeuza aonyeshe vipimo vya kilichozama, pamoja na kilichopungua kwa majirani.