Tikiti ya Peterburg, kituo cha Leningrad

Tikiti zetu ziliandikwa Sankt-Peterburg, mji wa Urusi uliowahi kuitwa Leningrad, lakini kituo tulichopandia treni pale Moscow kinaitwa Kituo cha Leningrad mpaka leo. Nilimwonyesha baba mdogo kibao nikidhani atashangaa. Wala. "Mwanangu, mimi nilifika huko ni Leningrad, nikaondoka ni Leningrad," akasema. Alisomea uhandisi katika mji huo miaka ya 1980, na cheti chake, alichokitunza kwenye bahasha ya plastiki, kina jina hilohilo. Tangu nikiwa mdogo aliniahidi kwamba siku moja atanipeleka. Juni hii ahadi ikatimia.

Treni ya kasi huchukua saa nne hivi kukata kilomita 650. Nje ni misitu ya miti yenye magome meupe, haiishi. Ndani, baba mdogo alinipa historia, tena kwa sauti ya chini kama anayesimulia habari za ukoo.

Mfalme Peter alianza kuujenga mji Mei 1703, kwenye matope ya mto Neva unapoingia baharini, akiwa bado vitani na Sweden. Wengi hudhani alijipa heshima mwenyewe. Sivyo, jina ni la Mtume Petro, nalo alilitamka kwa namna ya Kiholanzi, maana Uholanzi ndiko alikojifunza kuunda meli. Mwaka 1914, vita na Ujerumani vilipozuka, "burg" ikawa chungu masikioni kwa kufanana na lugha ya adui, mji ukaitwa Petrograd. Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, alifariki Januari 1924. Siku tano baadaye ukawa Leningrad. Juni 1991 wakazi wakapiga kura, na asilimia 54 hivi wakachagua jina la kwanza. Baba mdogo alikuwa amesharudi nyumbani, akaisikia habari hiyo redioni. "Nilizima redio nikakaa kimya. Nikajiuliza, sasa mimi nimesoma wapi?"

Tulishuka Kituo cha Moscow, maana huku vituo huitwa kwa jina la mji treni inakokwenda. Kutoka tu nje, juu ya paa la hoteli iliyo mbele ya kituo, kuna herufi kubwa mno. Baba mdogo aliweka begi chini akazisoma polepole: "Leningrad, Mji Shujaa." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, nami nikatazama pembeni nisimwaibishe.

Nilivyozidi kutembea ndivyo nilivyoona kwamba majina yote yako hai. Mkoa unaouzunguka mji bado ni Mkoa wa Leningrad. Lebo ya uwanja wa ndege kwenye mizigo ni LED, kifupi cha Leningrad. Kuna mitaa ng'ambo ya Neva inayoitwa Upande wa Petrograd. Wenyeji wenyewe, wazee kwa vijana, husema Piter tu, yameisha.

Lakini kuna mahali ambapo jina moja peke yake ndilo linalofaa. Kwenye ukuta wa nyumba namba 14, barabara ya Nevsky, kuna maandishi meupe juu ya rangi ya buluu yanayowaonya wananchi kuwa mizinga ikianza kupigwa, upande huu wa barabara ndio wa hatari zaidi. Chini yake tulikuta maua. Majeshi ya Ujerumani yaliuzingira mji tangu Septemba 8, 1941 hadi Januari 27, 1944, siku 872. Majira ya baridi ya kwanza, mgawo wa mtu asiye kibarua wa kiwandani ulishuka hadi gramu 125 za mkate kwa siku, mkate uliochanganywa na vitu visivyolika. Sijasikia mtu akisema kuzingirwa kwa Petersburg. Ni Leningrad, nami naona ni haki.

Siku ya mwisho tulikwenda makaburi ya Piskaryovskoye. Wamelazwa humo karibu watu nusu milioni, wengi wao raia, katika makaburi ya pamoja 186. Hakuna majina. Kila tuta lina jiwe lenye mwaka: 1942, 1942, 1942. Nyundo na mundu ni alama ya raia, nyota ni ya askari. Juu ya mawe watu wameacha peremende na vipande vya mkate mweusi.

Baba mdogo alifungua mfuko wake. Alikuwa amebakiza kipande cha mkate wa asubuhi, amekifunga kwenye kitambaa. Alikiweka juu ya jiwe, akavua kofia.